Nyoka na Ardhi Anayoilalia

Waheshimiwa wazee, walimu, vijana, nawashukuru kwa kuitika wito. Najua wamo humu waliokuja shingo upande, kwa kuwa tangazo lilitaja nyoka, na wahenga walishasema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wakae kwa raha. Sikuja na nyoka. Nimekuja na gamba tu, lile analojivua nyoka anapokua, na sasa hivi nalikabidhi safu ya mbele ili lipite mkono kwa mkono mpaka nyuma. Lishikeni kama mnavyoshika utando wa kitunguu, maana halina uzito na linachanika upesi. Kila ambaye litamfikia naomba afanye jambo moja: apitishe kidole upande wa tumbo, juu ya yale magamba mapana yaliyojipanga kama vidato vya ngazi, kutoka kichwani kwenda mkiani. Kisha arudi kinyume. Kwenda, kidole kitateleza. Kurudi, kitakwaruza.

Ishikeni tofauti hiyo, tutaihitaji.

Tukimzungumzia nyoka, swali letu huwa moja: ana sumu, hana sumu? Silaumu. Ni swali la mtu anayetaka kufika kwake mzima. Lakini swali hilo halimwelezi nyoka. Mnyama wa miguu huigusa ardhi kwa nyayo, na hata hizo huziinua. Nyoka anailalia. Joto la ardhi humpanda mwilini bila kubisha hodi, na mtetemo wa hatua zako huufahamu kupitia taya aliloliweka chini, pengine kabla macho yake hayajakuona. Kwa hiyo mimi, nikitaka kumjua nyoka, huuliza kwanza: amelala juu ya nini? Mchanga, udongo wa mfinyanzi, mwamba, tawi, au maji?

Nyoka wako wa aina zaidi ya 4,000, nao wamefika kila bara isipokuwa Antaktika. Wote wamekatwa kwa kitambaa kimoja: hawana miguu ya kutembelea, wana pingili za uti wa mgongo zinazohesabika kwa mamia, mbavu zimefuatana karibu mwili mzima, na magamba juu ya yote hayo. Ukiwatazama kwa mbali utadhani ni kamba moja iliyokatwa vipande virefu na vifupi. Wakaribie, utaona kwamba kila kimoja kimechongwa na mahali pake, na mara nyingi patasi iliyochonga ni udongo.

Nitaanza na mchanga mkavu, kwa sababu hapo ndipo ardhi inapomtesa nyoka zaidi. Kwenye ardhi ya kawaida nyoka hujipinda huku na huku, na kila pindo hukisukuma kitu: shina la jani, kokoto, mzizi. Kitu hicho humsukuma naye, akaenda mbele. Magamba ya tumbo humsaidia, maana yanateleza kwenda mbele na kukamata yanapovutwa nyuma au ubavuni. Ndiyo ile tofauti mliyoihisi kwa kidole. Mlaze nyoka huyo huyo juu ya kioo, atajinyonganyonga mpaka achoke na asifike popote. Mchanga laini ni balaa ya aina nyingine: unashikika, lakini ukiusukuma unakimbia. Na ukiwa umelala kwa mteremko, unaporomoka pamoja na aliye juu yake.

Dawa yake wameipata nyoka kadhaa wa jangwani, jamii ya kifutu, katika pande mbili za dunia. Yupo nyoka mdogo wa matuta ya Namibi, ambaye kwa kawaida hazidi sana sentimita 30. Yupo wa Sahara mwenye vipembe juu ya macho. Na yupo nyoka wa njuga wa majangwa ya Mojave na Sonora, huko Amerika Kaskazini. Wote hutumia mwendo wa ubavu. Nyoka hauburuti mwili kwenye mchanga kama jembe. Anauinua na kuulaza, sehemu kwa sehemu, mfano wa mtu anayepiga hatua bila miguu. Nyuma yake hubaki mistari iliyokatika, mmoja kando ya mwingine, wala haiungani. Mtu asiyejua akiiona atasema wamepita nyoka wengi wafupi.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha kitu ambacho bado kinanifurahisha kila nikikikumbuka. Walimweka yule nyoka wa njuga juu ya meza ya mchanga inayoinamishwa. Wewe na mimi, mteremko wa mchanga ukizidi, tunachimbia vidole chini zaidi. Nyoka hakufanya hivyo. Aliongeza urefu wa mwili unaogusa mchanga. Kadiri mteremko ulivyokuwa mkali, ndivyo alivyolaza sehemu kubwa zaidi ya mwili kwa wakati mmoja, uzito ukatawanyika, mchanga usiporomoke. Ndugu zake wa karibu wasioishi mchangani walishindwa kupanda mteremko ule ule. Kulikuwa na roboti pia, imeundwa kwa mfano wa nyoka, nayo ilikuwa ikianguka kila mara. Walipoifundisha ujanja huo wa kulaza mwili zaidi, ikapanda.

Tumbo nalo lina habari yake. Kwenye magamba ya tumbo ya nyoka wengi kuna vimiiba vidogo mno, havionekani ila kwa darubini kali, vyote vimeelekea mkiani. Vinamsaidia anayekwenda mbele. Lakini anayekwenda kwa ubavu vinamfaa nini? Vinamkwamisha. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba wale wa Afrika wanaotembea kwa ubavu hawana kabisa vimiiba hivyo. Magamba yao yana vishimo vidogovidogo tu, na msuguano wake unakaribiana kila upande. Yule wa Amerika anavyo bado, vichache na vimefifia. Watafiti wakadokeza sababu: majangwa ya Amerika Kaskazini yana umri mdogo sana yakilinganishwa na yale ya Afrika, na huenda nyoka huyo bado yumo safarini. Fikirini hilo. Umri wa jangwa umeandikwa kwenye tumbo la nyoka, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na haja ya kutazama.

Yule wa Namibi simwachi bado. Macho yake yako juu ya kichwa, karibu kabisa na utosi, badala ya kuwa pembeni. Akijitikisa, mchanga humfunika mwili mzima, yakabaki macho mawili kama punje mbili zilizochafuka, na pengine ncha ya mkia. Ncha hiyo huichezesha. Mjusi akidhani ni kidudu, amekwisha. Maji je? Mvua kule ni hadithi, lakini ukungu hutoka baharini ukatanda juu ya matuta. Matone humtua nyoka mgongoni, naye hugeuza kichwa akajinywa mwenyewe, gamba kwa gamba. Maji mengine huyapata ndani ya mjusi.

Sasa tushuke chini ya uso wa ardhi. Lugha yetu ina neno ndumakuwili, na siku hizi wengi wanalijua kwa maana ya mnafiki, mwenye kuuma huku na kupuliza kule. Asili yake ni nyoka anayesemwa kuwa ana kichwa mbele na kichwa nyuma. Mimi nadhani tumemwonea mnyama wa watu. Wapo nyoka wa kufukua ambao mkia wao ni butu, umeviringana kama kichwa, na kichwa chenyewe hakina shingo. Boa wa mchangani ni mmojawapo. Akibanwa huweza kukificha kichwa chini ya mwili na kuutoa mkia, adui akapiga pasipo na ubongo. Basi kama huo ni unafiki, ni wa kujiokoa. Umbo lenyewe ni la udongo: shingo nyembamba ingekuwa mahali pa kukwama, na mkia mrefu uliochongoka ungekuwa mzigo wa kuburuta.

Wachimbaji hawa msiwaweke kapu moja, maana hapa ndipo aina ya udongo inapotoa hukumu. Mchanga mkavu haushiki shimo. Ukipita, unajifunga nyuma yako. Kwa hiyo nyoka wa mchangani hachimbi njia, anaogelea. Boa wa mchangani ana pua iliyochongoka kama kabari, macho yamesogea juu, magamba laini madogo. Kule Amerika yupo mwingine mwenye taya la juu lililotokeza mbele ya la chini, kama kifuniko kilichozidi chungu, mchanga usiingie kinywani, na matundu ya pua yana vizibo. Udongo wenye unyevu na mfinyanzi kidogo ni kinyume chake: unashika shimo, lakini haukubali kupenywa. Huko unahitaji nguvu ya kusukuma, na kichwa ndicho nyundo.

Bingwa wa kazi hiyo yuko kwenye udongo wenye unyevu wa misitu ya India Kusini na Sri Lanka. Ni nyoka wadogo wenye mkia uliokatwa kama kwa kisu, na juu ya mkato huo kuna ngao ya magamba yenye ukwaruzo. Mbele, misuli ya shingo na kifua ni minene na myekundu, imejaa ile protini inayotunza oksijeni, kwa kuwa kazi ya kusukuma haina mapumziko. Na ana ujanja ambao mtu wa kwanza kuueleza lazima alijikuna kichwa: uti wa mgongo wake unaweza kujikunja ndani ya ngozi, ngozi yenyewe ikibaki palepale. Sehemu ya mbele hunenepa, ikabana kuta za shimo, halafu uti hunyooka na kichwa husukumwa mbele kama mtaimbo. Ile ngao ya mkiani je? Hushikwa na udongo, ukaganda juu yake, ikawa kizibo. Anatembea na mlango wake nyuma.

Nyoka vipofu wamechagua njia ya uvivu, nami nawapenda kwa hilo. Badala ya kushindana na udongo wamekuwa wembamba, wengine kama uzi wa kiatu, ili wapite kwenye vijia vya mchwa na sisimizi, na humo humo wanakula mayai na watoto wa wenye nyumba. Yupo wa Barbados aliyetambuliwa mwaka 2008 ambaye urefu wake ni kama sentimita 10 tu. Macho yao ni madoa meusi chini ya gamba. Mkiani wana kijiba kigumu, nilichokidhania mwiba wa sumu nilipokuwa kijana; kumbe ni cha kujisukumia. Na magamba yao, sikilizeni hili, yanafanana mwili mzima. Hakuna ngazi ya magamba mapana tumboni. Aliyezungukwa na ardhi juu, chini, kushoto na kulia, hana upande wa kuuita chini.

Niwape kisa kidogo kisha tuendelee. Mwaka 1987 watafiti wa Texas waliandika kwamba bundi fulani wadogo huwachukua nyoka vipofu wakiwa hai na kuwapeleka kwenye viota vyao. Baadhi ya nyoka hao hawaliwi. Hujizika kwenye takataka za kiota, wakala funza waliomo, na makinda ya viota hivyo yalikua haraka zaidi. Takataka za kiota nazo ni udongo wa aina yake.

Sasa kuna ardhi ambayo haitaki kuchimbwa kwa sababu inajichimba yenyewe. Ni ule udongo mzito wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha unavimba na kunata, na jua likiwaka unapasuka nyufa ambazo mkono huzama. Katikati ya Australia kuna nyanda kubwa za udongo huo, na humo ndimo anamoishi nyoka ambaye sumu yake, ikipimwa kwa panya wa maabara, ni kali kuliko ya nyoka mwingine yeyote wa nchi kavu. Aliandikwa kisayansi mwaka 1879, kisha akapotea machoni mwa wanasayansi mpaka mwaka 1972. Miaka yote hiyo hakuwa amekwenda popote. Alikuwa ndani ya nyufa.

Maisha yake yote yanafuata mwenendo wa udongo. Nyufa humpa kivuli pale ambapo hakuna mti. Panya nao hukaa humo humo na kwenye mashimo yao, na baada ya mvua nzuri huzaana kupita kiasi. Nyoka wa nje huweza kumgonga panya, akamwachia, akamfuata taratibu. Ndani ya shimo jembamba hakuna nafasi ya ustaarabu huo. Panya aliyekwama naye atamng'ata. Kwa hiyo yeye hugonga mara kadhaa kwa haraka na kushikilia, na sumu humaliza kazi kabla panya hajajibu. Husemwa ana ukali wa bure. Mimi naona ni hesabu ya mtu anayepigana ukumbini pasipo na mlango wa nyuma. Rangi yake nayo hubadilika kwa majira: wakati wa baridi huwa na giza, hasa kichwani, anywe joto la jua kwa kutoa kichwa tu, wakati wa joto hupauka.

Tukitoka kwenye udongo tukaingia kwenye mawe, mambo yanakuwa ya joto zaidi kuliko ya mwendo. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti juu ya nyoka wa kando ya ziwa Eagle Lake huko California, jamii ya wale wadogo wenye mistari, ambao usiku hulala chini ya mawe. Watafiti walipima mawe. Jiwe jembamba, pungufu ya sentimita 20, mchana huwa kikaango na usiku hupoa upesi. Jiwe nene kupita sentimita 40 halipati moto wa maana. Jiwe la kati, sentimita 20 mpaka 40, hupokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku polepole, na chini yake nyoka anaweza kukaa kwenye nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, ndizo anazozitaka, kwa muda mrefu. Na wao walikuwa wakichagua hayo ya kati. Hawana rula wala kipimajoto. Wana tumbo.

Mkiisha kuujua unene wa jiwe, mtaelewa msiba uliompata nyoka mmoja mwenye kichwa kipana, wa miamba ya mawe ya mchanga kuzunguka Sydney. Katika miezi ya baridi hukaa chini ya vibamba vya mawe vilivyolala juu ya mwamba tupu, penye jua. Watu waliviona vibamba hivyo vizuri kwa mapambo ya bustani, wakavibeba. Hakuna aliyemuua nyoka. Waliondoa paa lake, nyoka akapungua. Nikisikia mtu akisema "ni mawe tu", huwa natafuta kiti.

Baridi kali huwapeleka wengine chini zaidi. Huko Narcisse, mkoa wa Manitoba nchini Kanada, mwamba wa chokaa umeliwa na maji ukaacha mashimo na nyufa zinazoshuka chini ya kina kinachofikiwa na barafu. Makumi ya maelfu ya nyoka hukusanyika humo kila majira ya baridi, wakilaliana kama kamba ghalani, kwa sababu nyanda za jirani hazina mashimo ya kutosha ya kina hicho. Nyoka mwingine wa njuga wa Amerika, mdogo, anayependa majimaji, hushuka kwenye mashimo ya kamba wa maji baridi mpaka karibu na maji ya ardhini, kwani maji hayo hayagandi upesi. Udongo ukikaushwa kwa mifereji, maji yakashuka, shimo linabaki lakini chumba cha kulala kimekwisha.

Mayai nayo yana masharti. Mayai ya nyoka hayana kaka ngumu kama ya kuku. Yana ngozi, nayo hunywa maji kutoka kwenye udongo. Udongo mkavu mno huyasinyaza. Uliolowa mno huyaozesha. Huko New Jersey, kwenye misonobari ya Pine Barrens, yupo nyoka ambaye jike huchimba kiota mwenyewe, jambo ambalo ni nadra kwa nyoka. Hukunja kichwa na shingo kama kijiko, akatoa mchanga kidogokidogo mpaka handaki liwe refu. Hachimbi popote. Hutafuta mahali pa wazi penye mchanga laini, miti isipoweka kivuli, jua liyapate mayai. Miti ikijaa, tunayemwita mharibifu wa msitu atakuwa amemfanyia fadhila akifyeka kidogo. Najua wapo humu watakaonuna. Nuneni, lakini mchanga wenye jua ndio unaomlea.

Baharini nitapita mbio. Nyoka wa baharini wamekuwa na mkia bapa kama kafi, vizibo vya pua, na tezi chini ya ulimi ya kutoa chumvi, ingawa bado wengine husubiri mvua ili wanywe maji matamu yaliyoelea juu. Ninachotaka mkione ni tumbo. Wale walioacha kabisa nchi kavu, magamba yao mapana ya tumbo yamesinyaa; ukimtupa mmoja pwani anahangaika kusogea. Wale ambao bado hupanda ufukweni kutaga wanayo. Ardhi ilipoondoka, ngazi ikang'olewa. Kuhusu babu wa nyoka wote kupotezea miguu ndani ya udongo au ndani ya maji, mabingwa wamebishana miaka mingi. Mimi niko upande wa udongo.

Juu ya miti ardhi ni nyembamba na ina mapengo. Nyoka wa mitini kwa kawaida ni mwembamba, mwepesi, mkia mrefu, na moyo wake uko karibu zaidi na kichwa kuliko wa nyoka wa baharini, damu isimkimbie ubongo anaposimama wima kupanda. Macho makubwa. Na wengi wao magamba ya tumbo yamekunjika kwa pembe kushoto na kulia, yakafanya kingo mbili kama za mfereji, zinazong'ang'ania kila kovu la gome. Wapo wa Asia wanaotanua mbavu, wakajifanya bapa na kuruka toka mti hadi mti, mwili ukiendelea kupindapinda hewani kana kwamba unatambaa juu ya upepo. Mwaka 2021 ulielezwa mwendo mpya kabisa: nyoka wa kahawia wa kisiwa cha Guam hujifunga kitanzi kuzunguka nguzo nene na laini, akapanda kwa kukitetemesha kitanzi hicho. Anapumua kwa shida na kupumzika njiani.

Nimewataja wengi wanaofungwa na udongo wao. Nimtaje mmoja aliyeufungua. Ni nyoka kipofu mdogo mwenye asili ya Asia, hupatikana sasa katika mabara mengi, akidhaniwa mnyoo kila anakochimbuliwa. Wote ni majike. Huzaa bila dume, hivyo mmoja anatosha kuanzisha ukoo. Hakuzunguka dunia kwa kuzoea udongo wa kila nchi. Alisafiri ndani ya udongo wa vyungu vya maua, meli kwa meli, na alipofika alishuka pamoja na nyumba yake.

Naona gamba langu limefika safu ya mwisho. Yule kijana aliyelishika, hebu simama. Tazama kichwani: nyoka hana kope, ana gamba moja angavu juu ya jicho, nalo huvuliwa pamoja na mengine. Ni dogo au kubwa? Kubwa. Haya, wachimbaji wametoka. Tumboni, ngazi ipo? Ipo, na ni pana. Basi wa baharini aliyeacha kabisa nchi kavu naye hayumo. Sasa likunjue taratibu, tazama ncha za yale magamba mapana, kushoto na kulia. Kuna mstari wa mkunjo?

Kila upande, asema.

Basi mwenye gamba tusimtafute chini.